Meno Yasiyokutana Sawasawa: Je, Mtu Mzima Avae Waya?

Katika safu hii daktari wa kupanga meno anajibu barua za wasomaji. Safari hii barua zote zinatoka kwa watu wazima.

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 41. Tangu nikiwa msichana, meno yangu ya mbele ya juu huyafunika kabisa yale ya chini, kiasi kwamba nikiuma hayaonekani. Sikulijali jambo hilo hadi hivi karibuni, nilipoanza kusikia maumivu nyuma ya meno ya juu kila ninapotafuna kitu kigumu. Daktari wa kwanza aliniambia nivae waya kwa miaka miwili. Wa pili akasema kwamba kwa umri wangu ni heri niyaache meno kama yalivyo. Mume wangu haoni haja, na watoto hucheka wakisikia mama anataka waya. Meno yenyewe yamenyooka, wala sioni haya kucheka mbele za watu. Je, nimechelewa? Na kama sijachelewa, nitajuaje kwamba matibabu haya yananifaa kweli?

JIBU: Dada, nikiisoma barua yako naona kwamba daktari wa kwanza alitazama jinsi meno yanavyokutana, na wa pili akatazama mwaka wako wa kuzaliwa. Lililobaki bila kuulizwa ni kama mkutano huo wa meno unakuharibia kitu mdomoni, na kama uharibifu huo unaendelea. Kwa mtu mzima hilo ndilo linalotakiwa kutangulia, kwa sababu yapo meno mengi yasiyokutana kama yanavyochorwa vitabuni, na wenyewe wakala nayo hadi uzeeni bila kudhurika.

Nianze na umri ili tuumalize. Jino halikusimikwa katika taya kama nguzo iliyomiminiwa zege. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi, wenye unene wa takriban milimita 0.2, na jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo isiyokatika, seli za upande unaobanwa huumeng'enya mfupa na seli za upande unaovutwa huujenga upya. Seli hizo hazistaafu. Kwa mtu wa miaka 41 huchelewa kidogo kuanza kazi, lakini zikishaanza, jino husogea kwa mwendo unaokaribia ule wa kijana, yaani kama milimita 1 kwa mwezi mambo yakienda vizuri. Kinachobadilika kwa umri ni mambo mengine: taya halikui tena, kwa hiyo haliwezi kuongozwa wakati wa kukua kama la mtoto, fizi zina historia yake, na mara nyingi mdomoni mna meno yaliyozibwa, yaliyovikwa kofia au yaliyong'olewa. Hayo ndiyo ya kupimwa.

Sasa simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri, uma kwa magego kama unavyouma siku zote, kisha inua mdomo wa juu kwa kidole. Kwa kawaida meno ya juu hufunika karibu theluthi moja ya urefu wa yale ya chini. Kwako yanafunika yote, lakini hilo peke yake si ugonjwa. Fungua mdomo, inamisha kichwa nyuma, na umwombe mtu akupige picha ya kaakaa kwa simu, hasa ule ufizi ulio nyuma tu ya meno ya juu ya mbele. Ukiona vishimo vidogo vilivyojipanga kama alama za meno, au wekundu, au ufizi uliosogea ukaacha sehemu ya mzizi wazi, basi ncha za meno ya chini zinalichoma kaakaa kila unapofunga mdomo. Kisha tazama ncha za meno ya chini yenyewe. Jino zima lina ukingo mweupe. Lililosagika huonyesha mstari wa manjano katikati ya ukingo, na huo ni mwili wa ndani wa jino, laini kuliko enameli (lile gamba gumu la nje la jino), ambao ukishafichuka huliwa upesi zaidi. Enameli iliyokwisha hairudi.

Tofauti hiyo, kati ya meno kugusa na meno kujeruhi, si maoni yangu tu. Mwaka 1989 Brook na Shaw wa Uingereza walichapisha kipimo cha uhitaji wa matibabu ya kupanga meno chenye madaraja 5. Katika kipimo hicho, meno ya chini yakigusa ufizi au kaakaa bila kuumiza, mgonjwa huwekwa daraja la 3, ambalo ni la katikati, na wataalamu wanaweza kutofautiana juu yake. Yakiumiza, anapanda hadi daraja la 4, ambalo ni la watu wanaohitaji matibabu. Maumivu unayoyaeleza yananifanya nishuku kwamba uko katika kundi la pili, ingawa siwezi kulithibitisha kwa barua. Huenda ni jino lenye ufa, au jipu dogo kwenye mzizi, na daktari anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba si vyanzo hivyo kabla hajataja waya.

Kuna faida ambazo watu hutajiwa wakati wa kushawishiwa, nami sitaki uziweke kwenye hesabu yako. Waya si tiba ya kuaminika ya maumivu ya kichwa, wala ya taya linalolia kila likifunguka. Tafiti za miaka mingi hazikuthibitisha kwamba kupanga meno huponya matatizo ya kiungo cha taya, wala kwamba huyasababisha. Wanaosaga meno usingizini huendelea kuyasaga hata yakiwa yamepangika.

Kinachoweza kukuzuia kwa haki si umri wako bali fizi zako. Mwombe daktari apime kina cha mifuko ya fizi kuzunguka kila jino kwa kile kichokoo chembamba chenye alama za milimita, akuandikie namba zote, na akupige picha ya eksirei inayoonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 usiotoa damu ni wa afya. Mifuko mirefu inayovuja damu ina maana kwamba mfupa unaliwa na maambukizi, na kuyasukuma meno katika hali hiyo ni kuuharakisha upotevu ule ule unaotaka kuuepuka. Hata hivyo, mtu aliyepoteza mfupa zamani, akatibiwa na maambukizi yakatulia, anaweza kuvaa waya, ila kwa nguvu ndogo zaidi na kwa kukaguliwa fizi kila baada ya miezi 3 hivi. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huharibu matarajio. Mweleze daktari pia dawa zote unazotumia, na usisahau zile za kuimarisha mifupa za jamii ya bisfosfoneti, kwa maana zinapunguza kasi ya mfupa kujijenga upya, na zikikutana na kung'oa jino huweza, mara chache, kusababisha sehemu ya taya kufa. Kama unafikiria kupandikiza jino mahali palipo na pengo, subiri; pandikizi limeshikamana na mfupa moja kwa moja na halisogei kamwe, kwa hiyo huwekwa baada ya mengine kufika yanakotakiwa.

Tuseme umepimwa na fizi ni nzima. Yafuatayo ndiyo yatakayokupata, na ni bora uyajue sasa. Ili kupata nafasi ya kubandika vifungo vya kushikilia waya kwenye meno ya chini, daktari huweka vitonge viwili vidogo vya ujazo mgumu (ule wa kuzibia meno) nyuma ya meno ya juu ya mbele. Ukifunga mdomo, meno ya chini hutua juu ya vitonge hivyo, na magego yote yanabaki yakielea bila kukutana. Kwa wiki kadhaa utatafuna kwa shida, utakata chakula vipande vidogo, na ulimi utateleza kwenye herufi s na z. Maumivu huanza saa chache baada ya waya kukazwa, hufikia kilele siku inayofuata, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja, parasetamo huyatuliza. Baada ya hapo kazi inakuwa ya kuchosha zaidi kuliko ya kuumiza: kliniki kila wiki 4 hadi 8, na kusafisha kila jino kwa brashi ndogo ya katikati ya meno kila usiku, kwa muda wa miezi 18 hadi 24.

Hatari zake zipo. Mizizi hufupika kidogo kwa wengi, kwa kawaida chini ya milimita 2, na kwa wachache hufupika zaidi ya hapo. Ndiyo maana ni vyema picha irudiwe baada ya miezi 6 hivi ili daktari apumzishe meno ikibidi. Ukoga ukiachwa kuzunguka vifungo huacha madoa meupe ya kudumu. Na kwa watu wazima ambao fizi zao zimeshuka, meno yakishapangwa huonekana pembetatu ndogo nyeusi kati ya jino na jino karibu na ufizi. Wagonjwa wengi hulalamika juu ya hizo pembetatu kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Utaulizwa pia kuhusu zile trei angavu za plastiki zinazobadilishwa kila wiki moja au mbili. Ni kifaa kizuri kwa mtu mwenye nidhamu ya kukivaa saa 20 hadi 22 kwa siku, na hurahisisha usafi. Ila kwa tatizo lako hasa, yaani kuyazamisha meno ya mbele ndani ya mfupa, trei mara nyingi hufikia pungufu ya kilichopangwa kwenye kompyuta, na seti za ziada huhitajika. Ningekuwa ndiye daktari wako ningependekeza waya za kawaida, angalau kwa meno ya chini.

Njia ya kutofanya lolote nayo ni njia halali, ilimradi isiwe ya kusahau. Meno hupigwa picha na kuchukuliwa vipimo, kisha hulinganishwa mwaka hadi mwaka. Kinga ya plastiki ya kuvaa usiku huyalinda meno yasisagike usingizini, ingawa mchana jeraha la kaakaa linaendelea kama kawaida. Kuna pia njia ya katikati, ambayo msingi wake ulielezwa na Dahl na wenzake mwaka 1975 nchini Norwei: meno ya mbele yaliyosagika huongezewa kimo kwa ujazo, magego yanaachwa yakielea kwa makusudi, na baada ya miezi kadhaa yanajisogeza yenyewe hadi yakutane tena. Muulize daktari kama inakufaa, maana ni fupi kuliko waya na haihitaji vifungo.

Msimamo wangu ni huu. Kaakaa likiwa na majeraha, au msago ukiwa unaendelea, na fizi zikiwa nzima, ninaungana na daktari wa kwanza, tena bila kusubiri ufikishe miaka 45. Isipoonekana alama yoyote na maumivu yakawa na chanzo kingine, daktari wa pili amesema sawa, japokuwa sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Ila kabla hujatia sahihi popote, jiulize kama uko tayari kuvaa ritena, yaani kile kifaa cha kuyashikilia meno baada ya matibabu, usiku kwa miaka yote itakayofuata. Meno yaliyofunikana sana hupenda kurudi. Asiyeweza kuikubali ritena asianze. Kuhusu vicheko vya watoto, watavizoea vifungo ndani ya wiki moja.

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 24. Taya langu la chini limetokeza, na meno ya chini hupita mbele ya yale ya juu. Kliniki moja iliniambia nina «daraja la tatu», nami nikaogopa kwamba tatizo limefika hatua mbaya. Wakapendekeza waya pamoja na upasuaji wa taya. Kliniki nyingine inasema itang'oa magego madogo mawili ya chini na kumaliza kwa waya tu. Nachanganyikiwa. Je, hii ya pili si bora, kwa kuwa ni nyepesi?

JIBU: Kwanza ondoa hofu. Daraja la tatu hapa si hatua ya ugonjwa, wala si daraja la 3 la kile kipimo nilichokitaja katika jibu la kwanza. Ni kundi katika mpangilio uliotolewa na Mmarekani Edward Angle mwaka 1899, na maana yake ni kwamba gego la kwanza la chini limekaa mbele kuliko inavyotakiwa likilinganishwa na la juu. Wapo watu wa daraja la tatu wenye tatizo dogo sana, na wapo wa daraja la kwanza ambao meno yao yamevurugika kabisa.

Njia hizo mbili zinakwenda pande zinazopingana, na hilo ndilo ambalo huenda hukuelezwa. Katika miaka ya kukua, meno yako yamejitahidi kuficha tofauti ya mataya: ya chini yamelalia ndani kuelekea ulimi, ya juu yamelalia nje kuelekea mdomo. Matibabu ya waya pekee huongeza huko kulala hadi meno yakutane, na taya lenyewe linabaki pale pale. Matibabu ya upasuaji hufanya kinyume: kwanza waya huyanyoosha meno yasimame wima juu ya mfupa wake, na kwa miezi hiyo yote, mara nyingi mwaka na zaidi, kidevu na meno ya chini huonekana yametokeza kuliko mwanzo. Ndipo mpasuaji huukata mfupa na kuurudisha mahali pake, na kuufunga kwa vibati vya titani. Kwa taya la chini, mbinu inayotumika zaidi ni ya kulipasua taya kwa urefu pande zote mbili, ambayo msingi wake uliwekwa na Hugo Obwegeser katika miaka ya 1950. Mtu aliyeanza na ile njia nyepesi, akang'olewa meno, kisha akabadili mawazo akiwa na miaka 30, hulazimika kuyarudisha meno yote nyuma kabla ya kupasuliwa, na nafasi nyingine hazirudi tena. Kwa hiyo chagua kabla jino halijang'olewa.

Kuna jaribio dogo ambalo daktari hulifanya. Legeza taya, rudisha ncha ya ulimi nyuma kabisa, funga taratibu. Kama ncha za meno ya mbele zinaweza kugusana ncha kwa ncha, kisha taya linateleza mbele ili magego yakutane, sehemu ya tatizo ni mtelezo huo tu, na waya pekee huweza kufanya kazi nzuri. Kama hazifikiani hata kwa kulazimisha, na picha ya eksirei ya kichwa kutoka upande inaonyesha taya la juu fupi au la chini refu, waya pekee itakupa meno yanayokutana kwa nasibu na uso ule ule.

Swali la kumaliza ni lako wala si la daktari: ni kutafuna kunakokusumbua, au ni uso? Kama ni kutafuna tu na tofauti ni ndogo, nafuu ya waya inatosha. Kama ni uso, waya haitauhamisha. Upasuaji nao una gharama yake mwilini: kulazwa, chakula laini kwa wiki kadhaa, na ganzi ya mdomo wa chini ambayo kwa wengi hupungua polepole lakini kwa baadhi huacha sehemu isiyosikia vizuri maisha yote. Omba kikao kimoja ambamo mpanga meno na mpasuaji watakaa nawe pamoja. Kliniki isiyoweza kukuandalia kikao cha namna hiyo haifai kukuanzishia matibabu haya. Ukuaji wa taya lako uthibitishwe pia kwamba umekoma, kwa picha mbili zilizopigwa kwa kupishana miezi kadhaa. Kwa mwanamume wa miaka 24 kwa kawaida umekwisha koma.

SWALI: Nilivaa waya nikiwa shuleni. Sasa nina miaka 33 na meno ya chini ya mbele yameanza kupandana. Magego ya mwisho ndiyo yanayoyasukuma? Nimeona pia kampuni zinazotuma trei za plastiki kwa posta, mtu akijichukulia alama za meno mwenyewe. Niagize?

JIBU: Magego ya mwisho husingiziwa mengi. Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyosonga hata kwa watu ambao magego hayo hayakuota, na kuyang'oa kwa sababu hiyo peke yake hakufai. Uliacha kuvaa ritena, na meno yakaendelea na safari yake.

Kama kinachokukera ni sura tu, mkutano wa meno ni mzuri na usafi unawezekana, kuyaacha kama yalivyo hakuna ubaya. Omba ritena mpya itengenezwe kwa meno yalivyo leo ili yasiendelee kubanana. Ukitaka yanyooshwe, ni kazi fupi kwa waya au trei, na mara nyingi nafasi hupatikana kwa kulainisha pande za meno kwa sehemu za milimita badala ya kung'oa. Ila ifanywe na daktari aliyekupima. Trei za posta zinaweza kuyasogeza meno ambayo hakuna aliyeyapiga picha ya eksirei wala kuyapima fizi, na kampuni ikifunga unabaki katikati ya safari: SmileDirectClub ya Marekani ilipositisha shughuli zake Desemba 2023, wateja wake waliokuwa bado kwenye matibabu iliwabidi watafute wenyewe daktari wa kuwaendeleza. Mwombe daktari wako, siku ya kwanza, akuandikie ni nani atakayekutengenezea ritena mpya hiyo ya kwanza ikivunjika.